Akaunti ya Bi Hilje

Tartu, mwezi wa tisa. Foleni imefika ngazini.
Mimi Urmet, dawati la msaada, nawagawia wapya majina:
herufi saba, nukta, tarakimu.
Wanapokea kama chenji ya dukani,
hawahesabu, wanaondoka.

Yeye alihesabu.
Bi Hilje Saarepuu, miaka sabini na moja,
thelathini na minane ameimaliza kiwanda cha maziwa,
sasa mwanafunzi wa jiolojia, mwaka wa kwanza.
Akavua glavu, akaketi:
"Kijana, akaunti gani hii? Mbona haina pesa?"

Nilikuwa na jibu la kukariri, lile la karatasi ya manjano.
Nikaliacha.
"Ni jina lako mlangoni, mama.
Nyuma ya mlango kuna sanduku la barua,
ghala la giga hamsini,
kurasa mia mbili za kuchapa kila muhula,
na maktaba" (hapa sauti ikashuka yenyewe)
"makala anayouziwa mpita njia kwa euro arobaini
wewe itakufungukia kama kabati la jikoni kwako."
"Bure?"
"Chuo kimekwisha kulipa."
Akanitazama kama niliyemwambia
kuna ng'ombe anayejikamua mwenyewe.

Likaja neno la siri. "Andika basi," akaanza, "ni Mus..."
Nikaziba masikio kwa viganja, foleni nzima ikacheka.
Siri ya mtungi muulize kata,
na mimi, bibi, si kata. Mimi fundi bomba tu.

Mitambo hainiambii mtu anawaza nini.
Inaniambia saa.
Bi Hilje: saa kumi alfajiri, kila siku,
saa ya kukamua, mwili haukusahau.

Mwaka wa pili akaleta kompyuta iliyokufa ganzi.
Nilipoifufua nikaona folda:
Lehik, Punik, Maasik, Mustik.
Majina ya ng'ombe, na ndani yake vipimo vya visima,
vina, tarehe, picha za tope jeusi
la kinamasi kilichopakana na shamba la baba yake,
walikochimba mboji mpaka ndoo ikagonga jiwe kavu.
"Umeweka nakala?"
"Nakala ya nini?"
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Nikamwonyesha diski ya chuo, inayojinakili usiku.
Kesho yake akaja na jibini.
Sheria inakataza zawadi. Nilikula.

Mwaka wa nne, wa tano, wa sita,
somo moja halimaliziki: Takwimu ya Kwanza.
Mtihani ukifika, Bi Hilje ana mafua.
"Mama, wewe na hesabu zako zote hizi?"
Akaitoa mkobani ile karatasi ya manjano, imechakaa mikunjo,
akaigeuza nyuma, kidole kwenye mstari wa mwisho,
herufi za ukubwa wa sisimizi:
akaunti hufungwa siku tisini baada ya kuhitimu.
"Sasa mwenye akili," akasema, "atahitimu?"

Mei hii alikuja na viatu vya kanisani.
"Nimefaulu," sauti ya mtu anayeungama.
Hakueleza, sikuuliza.
Aliomba jambo moja: folda zake ziingie hifadhi ya wazi,
asome hata yule asiye na jina mlangoni.
Tulizipanga pamoja siku mbili.
Alikataa katakata kubadili majina ya ng'ombe.

Siku ya tisini nilijipangia zamu ya usiku.
Hakuna kitufe cha kubonyeza, mtambo hufunga wenyewe,
saa sita kamili, bila kugonga kengele.

Saa kumi alfajiri, kwenye kioo changu:
ameingia... mtumiaji huyu hayupo.
Mara ya pili: hayupo.
Chai yangu ilikuwa imeshapoa, nikainywa hivyo hivyo.
Saa kumi na dakika tatu, upande wa hifadhi ya wazi:
msomaji mmoja, hana jina.
Amefungua Mustik.